Kifaru Mweupe wa Garamba: Namna Tulivyompoteza, na Kazi ya Kulinda Wenzake

Siku hizi mtoto wa Kongo akisikia neno "kifaru", mara nyingi anafikiri kwanza gari la vita. Amelisikia katika habari za radio, au pengine ameliona kwa macho yake likipita barabarani. Lakini nyama mwenyewe, ambaye gari lile limepewa jina lake, hajamwona. Baba yake naye hajamwona. Tukitaka kuwaonyesha, sharti tutafute picha katika kitabu.

Na hii si kwa sababu kifaru ni nyama wa inchi za mbali. Kifaru mweupe wa kaskazini alikaa kwetu, Garamba, na mwishoni Kongo ilibaki inchi peke yake duniani ambamo alikuwa akiishi porini. Leo hayuko tena. Tumeona vema tueleze habari hii kwa utaratibu: kifaru ni nyama gani, Garamba ni mahali gani, kifaru alipotea namna gani, kazi ya kulinda nyama wa namna hii inafanywaje, na sasa kuna tumaini gani. Katikati tutajibu ulizo moja ambalo tunaulizwa kila mara tunapotaja jambo hili.

I. Kifaru ni nyama gani?

Duniani mna aina tano za vifaru. Tatu wanakaa Asia, mbili wanakaa Afrika: kifaru mweusi na kifaru mweupe. Majina haya yanadanganya, kwa maana wote wawili wana rangi ya majivu, na wakigaagaa katika matope wanapata rangi ya matope. Tofauti iko mdomoni. Kifaru mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, unaoshika kama kidole. Naye anachuma majani ya vichaka. Kifaru mweupe ana mdomo mpana, uliokatwa sawasawa. Naye anainamisha kichwa na kula majani ya chini, kama ng'ombe.

Kifaru mweupe naye ana ukoo mbili: wa kusini na wa kaskazini. Yule wa kaskazini aliandikwa katika vitabu vya elimu mwaka 1908. Zamani alikaa katika inchi tano: kusini mwa Chadi, Afrika ya Kati, kusini mwa Sudani, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kaskazini-mashariki mwa Kongo. Mipaka ya serikali haikumhusu, alifuata majani.

Dume kubwa linaweza kupita kilo 2,000. Macho yake hayaoni mbali, lakini masikio na pua vinamlinda. Na mbele ya nyama wengine ana amani: simba hawezi kumfanya neno akiwa mzima, ni ndama wake tu anayehitaji kulindwa. Adui yake wa kweli ni mmoja, yaani mtu mwenye bunduki.

Sasa tuangalie uzazi wake, maana hapo ndipo penye shida yote. Jike halizai kabla ya kufika miaka sita au saba. Mimba yake inadumu miezi kumi na sita. Anazaa mtoto mmoja tu, na anakaa naye miaka miwili au mitatu kabla ya kuzaa mwingine. Tufanye hesabu ndogo: katika miaka ishirini ya uzazi, jike zuri litazaa watoto saba au nane, na wengine kati yao watakufa wakiwa wadogo. Mwindaji wa wizi anamwua mama huyo kwa dakika moja, na mara nyingi ndama wake anakufa pia kwa kukosa maziwa. Ukila mbuzi wako, mwaka ujao zizi litajaa tena. Ukiua kifaru, unakula akiba ya miaka ishirini.

Watu watauliza: kifaru anasaidia nini porini? Mtu aliyepita Garamba wakati wa mvua anajua kwamba majani ya kule yanapanda kupita kichwa cha mtu. Kifaru mweupe anayakata chini kila siku, mahali pamoja na pamoja, mpaka yanakuwa mafupi na laini. Nyama wadogo, ambao hawawezi kula majani marefu na makavu, wanakuja hapo kutafuta machipukizi. Na moto wa kiangazi ukifika mahali hapo unapunguza nguvu, kwa sababu haupati kuni. Basi kifaru ni mkulima asiye na jembe. Akiondoka, shamba lake linabadilika, na wale waliokula naye wanapata shida.

II. Pembe yenyewe ni nini?

Watu wengine wanafikiri kwamba pembe ya kifaru ni mfupa, au ni kama pembe ya tembo. Sivyo. Haina mfupa ndani. Ni kitu kile kile ambacho kinafanya kucha na nywele zetu. Ukiikata juu ya nyama yake bila kugusa mzizi, inaota tena, kama kucha inavyoota.

Kwa nini basi watu wanauana kwa ajili yake? Katika inchi ya Yemeni, wanaume wa heshima waliipenda kwa kutengeneza mpini wa jambia; na katika miaka ya 1970, feza ya mafuta ya petroli ilipoingia Arabuni, wanunuzi waliongezeka sana. Katika Uchina, kwa karne nyingi, watu waliisaga na kuinywa kama dawa ya homa. Serikali ya Uchina ilikataza biashara hiyo mwaka 1993. Baadaye ni Vietnam iliyotajwa zaidi. Huko matajiri wengine wameinunua kama dawa, wengine kwa kuonyesha utajiri wao tu. Mtu anayetumaini kuponywa na pembe ya kifaru angeweza kutafuna kucha zake mwenyewe. Angepata dawa ile ile, bila gharama.

Lakini kucheka hakutoshi. Bei ya kule mbali ndiyo inayompa kijana wa huku bunduki na risasi. Yeye anapewa kidogo. Mfanyabiashara wa katikati anapata kingi. Na anayekufa porini ni kifaru, au mlinzi, au kijana mwenyewe.

III. Garamba

Parke ya Garamba iko Haut-Uele, kaskazini kabisa, inapakana na Sudani Kusini. Ukubwa wake ni karibu kilometri za mraba 5,000. Mto Garamba unaikata na kuipa jina. Upande wa kusini mna mto Dungu. Makao ya wakubwa wa parke ni Nagero. Kando ya parke pana Gangala na Bodio, mahali ambapo, zamani za Wabelgiji, tembo wachanga walifundishwa kuvuta magari na kulima. Ni katika parke hiyo tu Kongo ina twiga.

Parke iliundwa kwa amri ya mwaka 1938, miaka kumi na mitatu baada ya Parke Albert, ambayo leo tunaiita Virunga. Sababu moja kubwa ya kuiunda ilikuwa kulinda vifaru weupe na twiga. Tuseme kweli: amri ilitoka Ulaya, na wenyeji, ambao walikuwa wakiwinda huko tangu babu zao, hawakuketi barazani kuipanga. Waliambiwa tu: kuanzia leo, mwiko. Neno hili tusilisahau, kwa maana litaturudia chini.

Mwaka 1980 shirika la UNESCO liliandika Garamba katika hesabu ya mahali penye urithi wa dunia nzima.

IV. Namna kifaru alivyopotea

Karibu na mwaka 1963, hesabu za Garamba zilionyesha vifaru weupe zaidi ya elfu moja. Mwaka 1964 vita vya Simba vilifika kule. Walinzi walitawanyika, bunduki zikazagaa, na vita vilipokwisha walibaki vifaru mia moja tu au pungufu. Hiyo ni mara ya kwanza.

Serikali ilirudi, walinzi wakarudi, na kufika mwaka 1976 vifaru walikuwa wameongezeka tena, wakakaribia mia tano. Lakini mara bei ya pembe ikapanda, mishahara ya walinzi ikawa haifiki, na wawindaji wa wizi wakaingia. Mwaka 1984 walihesabiwa kumi na watano tu. Hiyo ni mara ya pili. Wakati huo ukoo ule ulikuwa umekwisha kuisha, au unakaribia kuisha, katika inchi zile nyingine nne.

Mwaka huo UNESCO iliandika Garamba katika hesabu ya mahali penye hatari. Kazi kubwa ikaanza, ya serikali yetu pamoja na mashirika ya inchi za nje. Mama mmoja mwenye elimu ya nyama, Kes Hillman-Smith, pamoja na bwana wake Fraser Smith, walikaa kule miaka mingi. Walirekebisha barabara, redio na magari; walinzi wakapata posho na mavazi; ndege ndogo ikapita juu ya majani kila mwezi. Kila kifaru alipewa jina na alama yake katika daftari. Na matunda yalionekana: katika miaka kumi hivi, wale kumi na watano wakawa karibu thelathini. Mwaka 1992 Garamba iliondolewa katika hesabu ya hatari. Tunaomba msomaji akumbuke jambo hili, maana watu wengine husema ukoo ule ulikuwa umekwisha kuhukumiwa kufa. Hapana. Ulikuwa unapona.

Kisha vita vya Sudani vilisukuma wakimbizi na silaha mpakani. Mwaka 1996 vita viliwaka katika inchi yetu yenyewe, na mwaka ule Garamba ikarudi katika hesabu ya hatari. Walinzi walinyang'anywa bunduki, wakabaki na daftari mkononi mbele ya watu wenye silaha za askari. Nyati na tembo walikufa kwa maelfu. Lakini vifaru, ajabu, walivumilia: mwaka 2003 bado walikuwa karibu thelathini. Basi hata vita vile havikutosha kuwamaliza.

Kilichowamaliza kilikuja baadaye, wakati watu walipoanza kusema habari za amani. Tangu mwaka 2003 na 2004, makundi ya wapanda farasi yalivuka kutoka Sudani na punda wa kubeba mizigo, wakitafuta pembe za tembo na za kifaru. Walikuwa wengi, wenye silaha kali, na walijua kazi yao. Mwaka 2005 watu walioruka na ndege waliona vifaru wanne tu.

V. Shauri la mwaka 2005

Hapo lilizuka shauri ambalo linatuuma hata leo. Watu wenye elimu ya nyama waliomba vifaru watano wakamatwe, wapelekwe Kenya, wazae mahali penye salama, na siku moja watoto wao warudishwe Garamba. Katika inchi yetu maneno yakawa mengi. Wengi walikataa, na safari ile haikufanyika.

Hatutaki kumhukumu mtu. Wale waliokataa walikuwa na sababu. Walisema: vitu vingi vimetoka Kongo kwa ahadi ya kurudi, na havikurudi, sasa mnataka kuchukua hata nyama wetu. Mkongomani anayejua historia yake hawezi kucheka neno hilo. Wale waliotaka kuwapeleka walikuwa na sababu pia. Walisema: nyumba inawaka moto, tumtoe mtoto kwanza, tutagombana baadaye juu ya nani atamlea. Lakini wakati wakubwa walipokuwa barazani, bunduki hazikungoja. Mwaka 2006 kifaru wa mwisho wa Garamba alionekana mara ya mwisho. Mwaka 2008 watu walitafuta tena, wakipita kwa miguu na kwa ndege. Hawakuona mtu wa ukoo ule.

Tunajifunza nini? Kwamba haki ya kumiliki kitu haikilindi kitu. Tulikuwa na haki ya kusema "ni wetu". Lakini neno "wetu" lina maana mbili, ya haki na ya kazi. Sisi tulishika ile ya kwanza kwa nguvu, na ile ya pili ikatuponyoka.

VI. Kazi ya ulinzi inafanywa namna gani?

Watu wengi wanafikiri kwamba mlinzi wa parke ni mtu mwenye bunduki, basi. Bunduki iko, lakini si ya kwanza. Tueleze kazi yenyewe sehemu kwa sehemu.

Kwanza, sharti kujua kila nyama. Kifaru anatambulikana kwa umbo la pembe zake, kwa mikunjo ya uso, na kwa alama zilizokatwa masikioni mwake. Mlinzi anaandika: leo nimemwona huyu, mahali hapa, saa hii, pamoja na ndama. Siku zikipita bila kuonekana, watu wanatoka kumtafuta. Nyama asiyejulikana anakufa bila mtu kuuliza habari zake. Anayejulikana anaacha nafasi wazi katika daftari.

Pili, sharti kutembea. Walinzi wanatoka kwa siku nyingi na mahema, unga, dawa na redio. Wanasoma chini kama sisi tunavyosoma kitabu: mguu wa kifaru una vidole vitatu, mavi yake anayatupa mahali pamoja, yakawa lundo, na mtu aliyepita jana na viatu anaacha habari yake pia. Katika majani ya Garamba, yanayopita kichwa, unaweza kumkuta nyati au mwindaji kwa hatua tano bila kumwona. Ndiyo maana kazi hii inataka watu wenye moyo.

Tatu, ndege na redio. Ndege inaona moto wa kambi, ndege tai wakizunguka juu ya mzoga, na njia mpya katika majani. Vifaru wengine wanatiwa chombo kidogo kinachotoa alama, kusudi walinzi wajue walipo. Lakini ndege haimkamati mtu. Inasema tu wapi pa kwenda.

Nne, munganga wa nyama. Anapiga sindano ya usingizi kutoka mbali kwa bunduki ya pekee. Dawa ile ni kali sana. Tone dogo linaweza kumwua mtu. Kifaru akilala, wanamfunika macho, wanamziba masikio, wanamwangalia pumzi bila kuacha, kwa sababu uzito wake mwenyewe unaweza kumwumiza. Wanakata alama, wanatoa damu kwa kupima, na pengine wanapunguza pembe kusudi mwizi asipate faida. Kisha dawa nyingine inamwamsha, na watu wote wanakimbia kwenye gari.

Tano, majirani. Hapa tunarudi kwenye neno la mwaka 1938. Parke iliyozungukwa na watu wenye njaa na hasira haina ukuta. Habari ya mwizi haitoki angani. Inatoka kijijini, kwa mama aliyeona wageni kisimani, au kwa mzee aliyesikia mlio wa bunduki usiku. Watasema wakiona kwamba parke inawapa kitu: kazi kwa vijana wao, barabara, zahanati, shule, msaada wakati wa hatari. Hawatasema wakiona kwamba inawapa faini tu.

Sita, sheria. Mapatano ya inchi nyingi juu ya biashara ya nyama na mimea iliyo katika hatari, yanayoitwa CITES, yalifanywa mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975. Lakini mapatano ni karatasi mpaka mtu wa forodha afungue sanduku, na mwamuzi akatae rushwa. Mlinzi anaweza kumkamata mwizi huyo huyo mara tatu, kama gereza lina mlango wa nyuma.

Kazi hii inaua. Tarehe 2 Januari 2009 waasi wa LRA walishambulia Nagero penyewe, wakaua watu na kuchoma nyumba. Aprili 2016 walinzi watatu waliuawa katika mapigano na wawindaji wa wizi wa tembo. Aprili 2017 wawili tena. Kila mmoja ana mjane au mama. Msomaji akisikia kwamba tembo wa Garamba bado wako, ajue wamenunuliwa kwa damu hiyo.

VII. Ulizo moja, na jibu letu

Watu wanatuambia: "Nyinyi mnalia juu ya kifaru, na watu wanakufa. Mtu ni nani, na nyama ni nani? Feza ile ingenunua dawa za watoto." Ulizo hili si la mtu mjinga, wala si la mtu mbaya. Sharti lijibiwe kwa heshima.

Jibu la kwanza. Ni kweli, mtu anapita nyama. Mlinzi akisikia kwamba kijiji kinashambuliwa, hatasema "nina kazi ya tembo". Na kwa kweli haikuwa hivyo. Siku za Noeli ya mwaka 2008, waasi wa LRA waliua mamia ya watu katika sehemu za Faradje, Dungu na Doruma. Waasi wale wale walijificha katika parke, na pembe za tembo zilikuwa feza ya kununulia risasi zao. Parke isiyolindwa haiwi nyumba ya amani. Inakuwa kambi ya wauaji. Aliyewafukuza porini alisaidia tembo na watoto wa Faradje kwa pamoja.

Jibu la pili. Feza ya ulinzi, ukiiondoa, haiendi kununua dawa. Sehemu kubwa inatolewa na watu wa mbali kwa kazi ile, na inakuwa mishahara ya watu wa Haut-Uele, mahali penye kazi chache. Mwalimu, fundi, dereva na mpishi wanakula kutoka hapo. Mtu anaweza kusema ingegawanywa vizuri zaidi, na sisi tutakubali naye. Lakini hiyo ni shauri la kugawanya, si la kuacha.

Jibu la tatu. Kitu kilichochukua maelfu ya miaka kukua, na ambacho hakuna fundi anayeweza kukitengeneza, hakipimwi kwa bei ya soko. Tukiangusha daraja, watoto wetu watajenga lingine. Tukimaliza ukoo wa nyama, tumewanyima watoto jambo ambalo hawataweza kulirudisha, hata wakiwa matajiri kutupita. Tutasema nini wakituuliza?

VIII. Tumaini lililobaki

Ukoo wa kaskazini haukuisha kabisa. Vifaru wachache walikuwa wamekamatwa Sudani katika miaka ya 1970 na kupelekwa Dvůr Králové, mji ulio katika inchi inayoitwa leo Cheki, ambamo nyama wanafugwa na watu huja kuwatazama. Desemba 2009 wanne waliobaki na nguvu ya kuzaa walipelekwa Ol Pejeta, Kenya: madume Sudan na Suni, majike Najin na Fatu. Watu walitumaini kwamba majani na jua la Afrika vingewasaidia kuzaa. Hawakuzaa. Suni alikufa mwaka 2014. Sudan, dume la mwisho, alikufa tarehe 19 Machi 2018, akiwa na miaka 45, mzee asiyeweza kusimama tena. Wamebaki majike mawili, mama na binti yake, wakilindwa usiku na mchana na watu wenye bunduki. Wala mmoja wao hawezi kubeba mimba.

Lakini tangu Agosti 2019, wataalamu wametoa mayai kwa majike hao, wameyaunganisha na mbegu za madume waliokufa, zilizohifadhiwa katika baridi kali, na wamepata mimba changa zinazongoja katika baridi ya digri 196 chini ya sifuri. Wanataka kuzitia katika tumbo la majike ya ukoo wa kusini. Januari 2024 walitangaza kwamba njia hiyo ilifaulu mara ya kwanza kwa mimba ya ukoo wa kusini. Jike lilishika mimba, lakini lilikufa kwa ugonjwa mwingine, mimba ikiwa ya siku 70. Basi mlango umefunguka kidogo tu. Tusiseme kwamba yote yatapona. Tusiseme pia kwamba yote yamekwisha.

Juni 2023, vifaru weupe kumi na sita walifika Garamba kwa ndege kutoka Afrika ya Kusini. Tangu mwaka 2006 hapakuwa na kifaru kule. Hawa ni wa ukoo wa kusini. Ni binamu, si wale wale. Watu wengine wanalaumu: mnajaza kiti cha marehemu na mgeni. Sisi tunafikiri hivi: mgeni hatafuti jina la marehemu, lakini anaweza kulima shamba lake. Majani ya Garamba yanahitaji mdomo mpana. Na zaidi, walinzi watajifunza tena kazi ya kulinda vifaru. Kama siku moja ndama wa kaskazini atazaliwa, sharti akute nyumba ina mlango na mlinzi.

Tena ukoo huo wa kusini unatufundisha jambo. Mwisho wa karne ya 19 walikuwa hawafiki mia moja, mahali pamoja tu, Umfolozi katika Natal. Sehemu ile ilifungwa mwaka 1895. Walilindwa miaka sitini na zaidi; kisha, katika miaka ya 1960, Ian Player na wenzake walianza kuwagawanya katika sehemu na inchi nyingi, kusudi bahati mbaya moja isiwamalize wote. Leo wamekuwa maelfu mengi. Lakini wao nao hawana usalama: katika Afrika ya Kusini mwaka 2007 vifaru kumi na watatu waliuawa na wezi, na mwaka 2014 waliuawa 1,215. Ulinzi si kazi ya kumaliza na kwenda kupumzika. Ni kama kufagia nyumba.

Mwisho

Tumalizie kwa ufupi. Vifaru wa Garamba waliangushwa mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili walisimama tena, kwa sababu watu walirudi kazini. Mara ya tatu hawakusimama. Hawakukosa majani, wala maji, wala nguvu ya kuzaa. Walikosa watu waliokubaliana mapema.

Kongo ina nyama wengine ambao hawako mahali pengine popote: okapi wa Ituri, bonobo wa misitu ya kusini ya mto, sokwe mkubwa wa Kahuzi. Kwa ajili yao shauri la mwaka 2005 linaweza kurudi siku yoyote, na pengine tutakuwa sisi, au wanafunzi wetu, tutakaoketi barazani. Siku hiyo tusingoje mpaka wabaki wanne. Na tangu leo, tukikutana na mlinzi wa parke njiani, na mavazi yaliyochakaa na viatu vya matope, tumsalimu kama tunavyomsalimu mtu anayetulindia mali yetu. Kwa maana ndivyo alivyo.